Sauti ya kwanza inakauka kila baada ya mazoezi: tatizo liko wapi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa kwaya ya kanisa huko Mwanza: "Kwaya yetu ina waimbaji thelathini na ushei. Tunafanya mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na Jumamosi tunakwenda saa tatu mfululizo. Ikifika Jumapili sauti ya kwanza wameshakauka, hasa kwenye nota za juu. Dada wawili sauti zao zinakwaruza tangu mwezi uliopita na hazijarudi. Tunatumia tangawizi, asali na limau, na wengine wanakunywa mayai mabichi. Nawasisitiza waimbe kwa tumbo lakini naona hali inazidi. Mimi mwenyewe sauti ya kuongea imeanza kuwa nzito. Tunakosea wapi, na nianzie wapi?"

Mwalimu, tuanze na hao dada wawili, maana wao hawawezi kusubiri mengine yote. Sauti iliyokwaruza wiki 3 hadi 4 bila kurudi haitibiwi kwa tangawizi, wala kwa zoezi lolote nitakaloeleza hapa. Wapelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo awatazame zoloto, yaani sanduku la sauti kooni, kwa kioo au kamera. Hapo Mwanza hospitali ya Bugando wana idara hiyo. Walio kaskazini wana hospitali ya KCMC huko Moshi, na Dar es Salaam kuna Muhimbili. Mpaka watakapoonwa, wasiimbe. Mkwaruzo ni ule ule sikioni, lakini chanzo kinaweza kuwa vinundu, damu iliyovilia, uvimbe wa mafua yasiyoisha, asidi ya tumbo, uzi mmoja wa sauti uliopooza, au saratani. Hakuna mwalimu wa kwaya, hata awe na sikio kali namna gani, anayeweza kuvitofautisha kwa kusikiliza. Na ikiwa kuna shida ya kupumua, maumivu ya kumeza, kukohoa damu au uvimbe shingoni, hizo wiki 3 zisisubiriwe.

Sasa tuje kwa kwaya nzima. Kwa maelezo yako, sioni upungufu wa dawa. Naona nyuzi za sauti zinazogonganishwa kwa nguvu kubwa mno, mara nyingi mno, zikiwa juu mno. Ili uone kwa nini nasema hivyo, inabidi tuingie kooni kidogo.

Weka kidole mbele ya shingo, umeze mate. Kile kigumu kinachopanda na kushuka ni zoloto, sanduku la gegedu lililokaa juu ya bomba la hewa. Ndani yake, kutoka mbele kwenda nyuma, mmelala nyuzi mbili za sauti. Tumezoea kuziita nyuzi, lakini hazifanani na nyuzi za gitaa. Ni mikunjo miwili ya nyama laini, mmoja kila upande. Kwa mwanamke mzima kila mmoja una urefu wa takriban milimita 12 hadi 17, na kwa mwanamume milimita 17 hadi 25. Ukipumua zinaachana, ukitaka kutoa sauti zinakaribiana, na hewa inayotoka mapafuni inazitikisa. Hadi katikati ya karne ya 19 walimu wa uimbaji walikuwa wakibahatisha jinsi jambo hili linavyotokea. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji kutoka Hispania, Manuel García, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Hicho kioo ndicho baba wa vifaa watakavyotumia madaktari kuwatazama dada zako.

Mwaka 1974 mtafiti wa Japani, Minoru Hirano, alieleza kwamba uzi wa sauti una matabaka. Ndani kabisa kuna msuli. Juu yake kuna tabaka la kano, kisha tabaka jembamba la utelezi linalofanana na jeli, na nje ngozi nyembamba sana. Sauti nzuri inatokea pale ngozi na jeli vinapocheza kwa uhuru juu ya msuli, vikipiga mawimbi. Jeli ikivimba, au ngozi ikiwa ngumu, mawimbi hayapiti sawasawa na sauti inakwaruza. Nota za juu zilizo laini ndizo hupotea kwanza, kwa sababu huko uzi umenyooshwa ukawa mwembamba na uvimbe mdogo tu unatosha kuuzuia usitikisike. Ndiyo maana waimbaji wako wanalalamikia nota za juu kabla ya kulalamikia kitu kingine chochote.

Halafu hesabu. Nota A iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda (tuiite A4: herufi ni jina la nota, namba ni oktava yake) ni mitikisiko 440 kwa sekunde, yaani nyuzi zinagongana mara 440 kila sekunde. Katika mazoezi ya saa tatu, tuseme nusu ya muda ndiyo wanayoimba kweli, basi ni dakika 90. Kwa wastani wa A4 hiyo ni migongano zaidi ya milioni 2 kwa jioni moja. Ni kama mikono inayopiga makofi: makofi mepesi unaweza kuyapiga muda mrefu, lakini ukiyapiga kwa nguvu zote, viganja vinavimba. Na hapo nyuzi zinapogongana kwa nguvu zaidi, karibu na theluthi ya kwanza ya urefu wake ukianzia mbele, ndipo vinundu huota, kimoja kila upande, vikikabiliana. Mwanzoni ni uvimbe laini unaoweza kushuka kwa kupunguza mzigo na kwa mazoezi ya tiba ya sauti. Vikiachwa miezi na miezi vinakuwa vigumu, na hapo kupona kunachukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo kila ninachokushauri kuanzia hapa kinapunguza moja kati ya mambo matatu: nguvu ya mgongano, idadi yake, au urefu wa nota, yaani jinsi ilivyo juu.

Nianze na lile la "imba kwa tumbo", kwa sababu nadhani ndilo linalowaumiza zaidi, na wewe unalisisitiza kwa nia njema kabisa. Muimbaji akiambiwa hivyo, kwenye nota ya juu hukaza tumbo na kulisukuma ndani kwa nguvu. Shinikizo la hewa chini ya nyuzi linapanda, nyuzi zinakazana ili kulizuia, na mgongano unakuwa mzito. Mazungumzo ya kawaida yanahitaji shinikizo la takriban sentimita 5 hadi 10 za maji. Kuimba kwa sauti kubwa kunaweza kufika 20, 30 na zaidi. Kinachotakiwa ni kinyume cha kusukuma: kuichelewesha hewa isitoke yote kwa pamoja. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ni msuli wa kuvuta pumzi ndani. Kikishuka, tumbo linasogea mbele na mbavu za chini zinatanuka. Kazi ya muimbaji ni kuzibakiza mbavu zimetanuka kadiri anavyoweza huku tumbo likirudi polepole lenyewe.

Wafundishe hivi. Wasimame, viganja vikae kwenye mbavu za chini ubavuni. Wavute pumzi kwa mdomo, kimya, midomo ikiwa kama inataka kusema "o", kwa hesabu ya 4. Mabega yasipande. Kisha watoe "sss" nyembamba, sawasawa, kwa sekunde 15, na mbavu zisianguke kabla ya sekunde ya 10. Wiki ya pili sekunde 20, baadaye 25. Kisha zoezi lile lile kwa "zzz" au "vvv" kwenye nota ya katikati. Kosa la kuangalia ni kujaza mapafu pomoni kwa ajili ya kifungu kifupi. Mapafu yaliyojaa kupita kiasi yanasukuma hewa yenyewe, hata tumbo likiwa limelegea, na muimbaji analazimika kubana koo ili kuizuia. Kifungu kifupi, pumzi ndogo.

Jambo la pili ni jinsi nota inavyopandishwa. Zoloto lina misuli miwili mikuu inayogawana kazi hii. Mmoja uko ndani ya uzi wenyewe. Ukikaza, uzi unakuwa mfupi na mnene, na ndiyo sauti ya kifua. Mwingine uko mbele nje, na unaunyoosha uzi ukawa mrefu na mwembamba. Huo ndio unaotawala sauti ya kichwa. Unaweza kuuhisi ukifanya kazi. Tafuta kwa kidole ile pengo ndogo chini ya kigongo cha zoloto, kati ya gegedu kubwa ya juu na pete ya gegedu iliyo chini yake. Gusa taratibu, usibonyeze. Sasa toa "uuu" laini kutoka chini kwenda juu. Pengo linazibana nota inapopanda, linafunguka inaposhuka. Mwanafunzi akiisikia hiyo kwa kidole chake mwenyewe haulizi tena kwa nini kunyanyua kidevu hakumsaidii.

Kwa wanawake, sauti ya kifua inafika kwa raha mpaka karibu na E4 au F4, mitikisiko 330 hadi 350 hivi. Kutoka hapo msuli wa kunyoosha unapaswa kuanza kuchukua kazi kidogo kidogo. Kwaya zetu nyingi, na ndiyo ladha yake, zinaburuta sauti ya kifua mpaka A4, B4, hata C5. Sikuambii uifute ladha hiyo. Kwaya ya kanisa dogo inayoimba kama wavulana wa makanisa ya Uingereza si lazima iwe shabaha ya mtu yeyote. Lakini lazima wawe na njia ya kupunguza unene wakipanda, la sivyo juu wanapiga kelele kwa nota. Njia rahisi ni kushuka, si kupanda. Waanze na "uuu" nyepesi kwenye C5, washuke ngazi ya sol-fa, d' t l s f m r d (kutoka Doh ya juu hadi Doh ya chini), bila kuruhusu sauti "ivunjike" na kuangukia kifuani kwa kishindo. Rudia ukipandisha Doh nusu toni, mara 5 au 6. Baada ya wiki chache ule wepesi utaanza kubaki nao hata wanapopanda.

Tatu, irabu. Hapa Kiswahili kinatupendelea na kututega kwa wakati mmoja. Irabu tano safi, silabi zilizo wazi, ni lugha ya kuimbika. Lakini kila irabu ina mwangwi wake wa kwanza kinywani, ambao ndio unaoisaidia sauti ivume bila nguvu. Kwa "i" na "u" mwangwi huo uko chini, kati ya mitikisiko 300 na 400 hivi. Kwa "e" na "o" uko katikati, na kwa "a" ya mwanamke unafika 700 hadi 900. Ukimpa soprano, yaani muimbaji wa sauti ya kwanza, neno "Mungu" kwenye E5, mitikisiko 659, nota yenyewe imeshauacha mwangwi wa "u" chini kabisa. Anasikia sauti yake imekosa mvumo, anasukuma. Dawa ni taya. Kuanzia C5 kwenda juu, taya lishuke kadiri nota inavyopanda, "u" ielekee "o" na "i" ielekee "e", ulimi ukibaki mahali pake. Wasikilizaji bado watasikia "Mungu", kwa sababu konsonanti ndizo zinazowaambia ni neno gani. Kwenye F5 na kuendelea, irabu zote tano zinakaribia kufanana masikioni, hata kwa waimbaji wa opera, basi usiwagombeze kwa matamshi huko. Na kama unatunga mwenyewe, nota ya juu kabisa ya kushikiliwa ipe "a" au "o". Nimeona tungo nyingi nzuri zikiua soprano kwa "i" ndefu iliyowekwa kileleni.

Kwa upande wa neema, angalia "Mtakatifu", "Mfalme", "Mkombozi". Hiyo M ya mwanzo ni silabi kamili na mara nyingi ina nota yake. Kwaya nyingi huimeza, zikaigonga "ta" kwa kishindo. Iimbwe yenyewe, midomo imefumba, mvumo usikike puani na kwenye midomo, kisha irabu ifunguke kutoka kwenye mvumo ule ule. Midomo iliyofumba inarudisha shinikizo kidogo nyuma na kuzisaidia nyuzi zigongane kwa upole. Na konsonanti "b" kama inavyotamkwa na wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa pwani, inalivuta zoloto chini kidogo: sema "baba" polepole na kidole shingoni uone. Kwa muimbaji ambaye zoloto lake linakimbilia kidevuni kila anapopanda, "ba-ba-ba-ba-ba" kwenye s f m r d inamrudisha chini bila hotuba ndefu.

Maneno yanayoanza na irabu ni mtego mwingine: "Ee Bwana", "Aleluya", "Imbeni". Kwaya ikiwa na msisimko inaanza kwa kugonga, nyuzi zimefungwa kabisa kisha zinafyatuka. Waambie waiwazie "h" isiyosikika kabla ya irabu. Waimbe "hee" mara mbili, kisha wapunguze "h" mpaka isisikike lakini pumzi iwe imeshaanza kwenda. Wakiizidisha, sauti inavuja pumzi, na hilo pia si zuri, lenga katikati.

Kuhusu urefu wa Doh, naomba uwe mkali kwako mwenyewe. Kwaya isiyo na kinanda kwenye mazoezi hupewa Doh ya kukisia, na mwalimu mwenye hamu huikisia juu. Wimbo ambao soprano inagusa d' ya juu, ukiwa Doh ni F, hiyo ni F5, mitikisiko 698. Ukiuanza Doh ikiwa A bila kujua, ni A5, mitikisiko 880, na kila nota ya wimbo mzima imepanda nusu toni 4. Kisha beti la mwisho "linapandishwa" tena. Nunua uma wa sauti au weka programu ya kinanda kwenye simu, na andika Doh juu ya kila karatasi. Soprano za kwaya ya watu wa kawaida zikae zaidi kati ya F4 na D5. F5 na G5 ziguswe na kuachwa. Wimbo unaoganda kati ya D5 na F5 kwa kurasa mbili utawachosha hata kama nota yake ya juu kabisa si kubwa. Na wale wanaolia kila siku kwamba juu kunawashinda, wapime upya: huenda umepanga sauti ya pili kwenye sauti ya kwanza kwa sababu tu walikuwa na sauti kubwa.

Mazoezi yenyewe yapange hivi. Jumamosi isizidi dakika 100, na kazi nzito ihamie Alhamisi, kwa sababu uchovu mkubwa wa nyuzi unaweza kuchukua siku 1 hadi 3 kuisha na ninyi Jumapili mnatakiwa madhabahuni. Kila dakika 25 za kuimba, dakika 5 za kimya. Maneno yafundishwe kwa kusemwa, midundo kwa makofi. Sauti moja ikifundishwa nota zake, wengine wasiimbe. Sehemu za juu ziimbwe kwa nusu sauti au oktava chini mpaka nota zikae, na kwa sauti kamili mara 2 au 3 tu jioni nzima. Jumla ya sauti kamili isizidi dakika 30 hadi 40. Spika moja igeukie kwaya. Mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe anaipaza bila kujua, na hakuna mbinu ya pumzi inayoshinda ngoma, kinanda na spika zilizoelekezwa kwa waumini peke yao.

Dakika 10 za mwanzo ni za kupasha sauti, na hapo nakupa kifaa kimoja cha bei rahisi: mrija wa soda wenye upana wa milimita 5 au 6, na chupa ya maji nusu. Kila mtu na wake, wasiazimane. Ncha izame sentimita 2 hadi 5 tu chini ya maji. Ukiizamisha sentimita 5, lazima shinikizo la mdomoni lipite sentimita 5 za maji ndipo povu litoke, kwa hiyo chupa yenyewe ni kipimo. Watoe "uuu" kupitia mrija, povu likichemka sawasawa, sauti ikiteleza kutoka chini kwenda juu na kurudi, dakika 3. Kisha d-m-s-m-d, wakipanda nusu toni kila mara. Wabane pua kidogo: sauti isibadilike, ikibadilika, hewa inavujia puani. Povu likiruka kwa fujo wanasukuma. Likikatika katikati ya nota, hapo ndipo wanapobana koo. Mashavu yanaruhusiwa kuvimba kidogo. Baada ya hapo mitetemo ya midomo, "brrr", dakika 3, kisha "m" na "ng'" dakika 2, ndipo maneno. Kidole gumba kikae chini ya kidevu mara moja moja: pakiwa pagumu, mzizi wa ulimi umekaza. Mwisho wa mazoezi warudie mrija dakika 3, safari hii wakishuka tu. Hiyo ya mwisho ndiyo kwaya huiruka kwa sababu watu wanakimbilia daladala.

Tangawizi, asali, limau. Hakuna unachomeza kinachogusa nyuzi za sauti. Kidakatonge, kile kifuniko kilicho juu ya zoloto, na zoloto lenyewe vinaziba njia wakati wa kumeza. Kingepita hata tone ungekohoa mpaka machozi. Asali na tangawizi hutuliza koo la juu, na raha hiyo ni ya kweli, ila isikudanganye kwamba uvimbe umeshuka. Limau kwa mwenye kiungulia ni kuongeza moto. Mayai mabichi yaache kabisa: hayana faida yoyote kwa sauti na yanaweza kuleta salmonela. Vidonge vya kumumunya vinavyotia ganzi ni hatari kwa muimbaji, kwa sababu vinamwondolea maumivu yaliyokuwa yanamzuia. Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaongeza uwezekano wa damu kuvilia kwenye uzi, basi zisimezwe ili "kuisukuma" Jumapili. Aliyeandikiwa na daktari kwa ugonjwa mwingine asiache bila kumuuliza. Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo au baada ya kupiga kelele, anyamaze kabisa siku hiyo hiyo na aende kuonwa. Kunong'ona kwa nguvu si kunyamaza.

Maji yanasaidia, lakini yanapitia damuni kwanza, kwa hiyo ni ya kunywa tangu asubuhi, kidogo kidogo, mpaka mkojo uwe mweupe. Chupa inayomalizwa dakika 5 kabla ya ibada inajaza kibofu tu. Mvuke wa maji ya moto matupu, dakika 5 hadi 10 kwa umbali usiounguza, ndio pekee unaofika kwenye nyuzi moja kwa moja; usitie dawa za kuchua wala mafuta makali. Na chakula cha usiku: aliyetoka mazoezini saa 3 usiku, akala ugali saa 4 na kulala saa 5, asidi inapanda wakati amelala na kuunguza nyuma ya zoloto. Asubuhi anakohoa, anasafisha koo, sauti nzito. Ale cha kushiba saa 11 jioni kabla ya kuja, akirudi ale kitu chepesi, na asilale mpaka upite muda wa saa tatu hivi tangu alipokula. Kusafisha koo kwa "ehem!" ni mgongano mkali, ameze mate au anywe fundo la maji.

Watakutajia Bi Kidude, aliyevuta sigara zake na kuimba mpaka uzeeni kabla ya kufariki mwaka 2013. Ni kweli. Na sauti yake nzito yenye mkwaruzo ndiyo iliyokuwa hazina yake, katika taarabu na unyago, kwa urefu wa nota alioufuata yeye. Soprano wa kwaya anayetakiwa kushika F5 safi na laini ana kazi nyingine.

Wape waimbaji kipimo cha kujifanyia nyumbani. Kila asubuhi, baada ya kuongea kidogo, aimbe kifungu kifupi kwa sauti ndogo sana, nyepesi, akipanda nusu toni mpaka sauti ikwame au itoke pumzi tupu. Aandike nota hiyo kwenye simu, ndiyo dari lake. Dari likishuka nusu toni 2 au zaidi na lisirudi kwa siku 2, nyuzi zimevimba: apunguze kuimba kabla mkwaruzo haujafika kwenye maongezi. Kuimba kwa nguvu kunaficha uvimbe. Sauti ndogo haifichi. Hata kipimo hiki mwenye kifua au mafua makali asikifanye, akae kimya tu.

Wewe sasa. Mwalimu wa kwaya mara nyingi ndiye mgonjwa wa kwanza, kwa sababu anaimba sauti zote nne na anapiga kelele juu ya watu thelathini. Jipime hivi: vuta pumzi, toa "sss" kadiri uwezavyo, uhesabu sekunde. Pumzika, kisha "zzz" vivyo hivyo. Zikikaribiana, vizuri. "Sss" ikifika sekunde 20 na "zzz" ikaishia 13, uwiano umevuka 1.4, na hiyo ni dalili kwamba nyuzi hazifungi sawasawa. Si jibu la ugonjwa, ni sababu ya kwenda kuonwa. Mazoezini usiimbe pamoja nao, ukiimba huwasikii. Nota zipige kwenye kinanda au kwenye simu. Nota za sauti ya kwanza usiwatolee kwa sauti bandia ya juu kama wewe ni mwanamume, wala nota za besi kwa kubana koo kama ni mwanamke: chagua muimbaji mmoja katika kila sauti awe wa kutoa mfano. Ukitaka wanyamaze, inua mkono au piga meza. Kwa wiki 2 za kwanza huenda mazoezi yakaonekana kwenda taratibu kuliko ulivyozoea, na viongozi wa kwaya watakuuliza kwa nini mnaimba kidogo. Waonyeshe dari ambazo waimbaji wameziandika kwenye simu zao.